Kiti cha Nyuma cha Bentley

"Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini ya wazee waliopo na waliotangulia mbele ya haki, wananchi wote wa Rudewa na vitongoji vyake wanatangaziwa kwamba gari aina ya Bentley, lililotoka Uingereza kwa meli, likapanda treni hadi Kilosa, likamtumikia Mgiriki wa katani na baadaye dereva wake marehemu Nikolaus, kuanzia leo linarithiwa rasmi na Bwana Zabron Kasian, kijana msomi, mtanashati na mcha Mungu. Mwenye pingamizi ajitokeze sasa au anyamaze milele."

Hakuna aliyejitokeza. Msikilizaji pekee alikuwa kuku mwekundu aliyekuwa akiatamia kwenye kiti cha nyuma cha gari lenyewe. Alimtazama Zabron kwa jicho moja, kisha akalifumba. Zabron akauhesabu ukimya huo kuwa ni ridhaa, akainamisha kichwa kama mtu anayevishwa nishani.

"Zabron," baba yake akaita kutoka uani. "Mtoe huyo kuku na mayai yake, ufagie humo ndani. Mwenye gari amefika."

Mwenye gari alikuwa Yared.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana msomaji anayetoka kwa watu ambao mtoto humrithi baba yake anaweza kudhani Mzee Kasian alikuwa na roho mbaya. Hakuwa nayo. Alikuwa mzee wa kanisa la Anglikana, mkulima wa mahindi na alizeti, na alimlipia mwanawe shule ya bweni bila kulalamika zaidi ya inavyoruhusiwa. Ila kwao, watu wa milima ya Kilosa, ukoo hupita kwa mama. Mali ya mwanamume humwendea mpwa wake, mtoto wa dada, kwa sababu aliyetoka tumboni mwa dada ni wa ukoo bila ubishi. Mtoto wa kumzaa mwenyewe atapendwa, atasomeshwa na atachapwa, lakini yeye ni wa ukoo wa mama yake, na urithi akautafute kwa wajomba zake. Zabron naye alikuwa na mjomba, kule Kidete. Mali yote ya mjomba huyo ilikuwa mizinga ya nyuki, baiskeli isiyo na breki, na kesi ya mpaka wa shamba iliyokuwa mbioni kushindwa.

Gari lenyewe lilifuata njia hiyo hiyo. Mgiriki alilinunua enzi katani ilipokuwa dhahabu. Bei ilipoanguka na mashamba yakachukuliwa na serikali, aliondoka na mabegi yake, na Bentley, ambayo injini yake ilikuwa imekwisha kufa, akamwachia dereva wake Nikolaus. Nikolaus alilivuta kwa trekta hadi nyumbani kwake, akalijengea banda zuri kuliko jiko la mke wake. Alikuwa na watoto wa kuwazaa, tena wengi, lakini alipozeeka alimpa gari Kasian, mtoto wa dada yake. Na sasa Kasian naye alikuwa na dada, Generoza, na Generoza alikuwa na Yared.

Hivyo ndivyo sheria ilivyokuwa, na Zabron aliijua tangu hajaota meno ya utu uzima. Tatizo la sheria ni kwamba haikuwahi kuliosha gari.

Yeye alikuwa ameliosha. Akiwa mdogo wa kusimama juu ya ndoo ili afike kwenye kioo, alikuwa akiliosha pamoja na Babu Nikolaus kila Jumamosi, gari lisilokwenda popote. Alijua ngozi ya viti, nyekundu kama maini, na mahali ilipopasuka. Alijua mbao za dashibodi zilivyong'aa zikipakwa mafuta ya nazi kidogo. Alijua vimeza viwili vidogo vilivyojificha nyuma ya viti vya mbele, ambavyo ukivivuta vinafunguka taratibu, bila haraka, kama mtu aliyelelewa vizuri. Na ile herufi B yenye mabawa pale mbele juu ya boneti alikuwa akiilamba kwa siri, jambo ambalo hadi leo hana maelezo yake.

Yared alifika kutoka Morogoro baada ya kumaliza chuo cha ufundi, na boksi la spana begani. Akafungua injini, akaitandaza chini kwenye gunia, akaagiza vipuri kwa watu wa Dar anaowasiliana nao kwa simu, na baada ya miezi kadhaa gari likaunguruma. Rudewa nzima ilikuja kusikiliza. Hata vijana wa Kimaasai waliokuwa wakipitisha ng'ombe walisimama na kuacha ng'ombe waingie kwenye mahindi ya mtu.

Zabron alipata habari hizo bwenini, kwa simu ya matroni, na akakosa usingizi. Wivu wake haukuwa ule mdogo wa kunyimwa nyama. Huu ulimkwama kooni kama mwiba wa perege. Akimeza unachoma, akikohoa unachoma. Aliporudi likizo, aliwakuta baba yake na Yared wameinama pamoja juu ya injini, baba ameshika tochi. Baba, ambaye hajawahi kumshikia Zabron hata rula. Yared akasema neno fulani kuhusu plagi, na Mzee Kasian akacheka mpaka tochi ikatikisika. Zabron, ambaye shuleni aliwahi kutangaza ziara ya mkaguzi wa elimu asiyekuwepo na kuwafanya walimu wapige deki vyoo vyao wenyewe, hakuwahi kupata kicheko cha namna hiyo kwa baba yake. Alipata barua ya kusimamishwa masomo na fimbo.

Siku ile ya kuku, Yared alikuwa amekuja kulichukua gari kulipeleka Mikumi. Kulikuwa na hoteli ya watalii kando ya barabara kuu iliyotaka kulitumia kubebea maharusi. Yared angebaki nalo huko, awe dereva wake na fundi wake. Mambo yakienda hivyo, banda la Rudewa lingebaki tupu.

Waliondoka asubuhi. Yared kwenye usukani, Mzee Kasian kando yake na koti la kanisani, Shangazi Generoza na Zabron nyuma. Shangazi alikuwa amevaa kitenge kipya na alikaa wima kama yumo kwenye picha.

Walipofika Ulaya, yaani kijiji, si bara, gari likachemka. Wakasimama kutia maji. Mzee mmoja aliyekaa kibarazani dukani akauliza, "Hilo linatoka wapi?"

"Linatoka Ulaya, mzee, na sasa linapita Ulaya," Zabron akajibu. "Limekuja kusalimia ndugu zake."

Watu wa dukani wakacheka. Baba yake hakucheka. Alikuwa ameinama na Yared wanaangalia rejeta.

Yared alimfuata Zabron kwenye bomba. "Dogo, mbona umenuna?"

"Sijanuna. Huu ndio uso wa bweni. Tunakula maharage."

"Ukimaliza shule nitakufundisha kuendesha."

"Asante, mkuu wa msafara."

Yared akatabasamu, akakinga dumu. "Unajua Krismasi zile tulipokuwa tunakuja kwenu? Nilikuwa nakuona wewe na Babu mnaliosha. Mimi kwetu hata baba wa kunikaripia sikuwa naye. Nilikuwa natamani hiyo ndoo tu."

Zabron hakujua aliweke wapi neno hilo. Akalimwaga chini pamoja na maji yaliyofurika.

Meneja wa hoteli aliitwa Tumwagile, mwanamke wa Tukuyu mwenye sauti ya kwaya na viatu vya kazi. Alilizunguka gari akiligusa kwa ncha ya kidole, akafungua mlango wa nyuma, akavuta kimeza, kikafunguka taratibu, naye akaguna kwa raha.

"Maharusi watapigana kwa hili," alisema. "Tena nataka kuweka ubao pale getini. Wageni wanapenda historia. Limetoka wapi, nani alilimiliki, limebeba nani. Nani anaijua vizuri?"

"Muulize huyu," Mzee Kasian akasema, na akaweka mkono begani kwa Zabron. "Ndiye aliyekuwa anashinda na marehemu mjomba wangu. Alimsimulia mambo ambayo hata mimi siyajui."

Mkono ule ulikuwa mzito na wa joto. Zabron akaanza vizuri. Akaeleza meli, treni, Mgiriki, katani, Nikolaus na kofia yake ya udereva. Alieleza kweli tupu, na alieleza kwa ufasaha, kwa sababu mkono ulikuwa bado upo begani. Tumwagile alikuwa akirekodi kwa simu, akitikisa kichwa.

"Na mmiliki wa sasa? Niandike jina gani?"

"Yared," Mzee Kasian akasema, akauondoa mkono ili aonyeshe kwa kidole. "Andika Yared. Huyu mwanangu hapa."

Kwao mpwa huitwa mwanangu, hakuna ajabu. Zabron alilisikia neno hilo maisha yake yote. Lakini siku ile lilimwingia pale pale mwiba ulipokuwa.

"Vizuri," alisema Tumwagile. "Na hapa nyuma, kuna mtu mkubwa yeyote aliyewahi kukaa?"

"Hakukaa," Zabron akasema. "Alilazwa."

Wakageuka wote.

"Mke wa Mgiriki," akaendelea, kwa sauti ile ile ya historia. "Alifia shambani kwa homa. Babu Nikolaus aliniambia walimlaza hapo, akampeleka Morogoro. Alikuwa mrefu, mlango haukufungika, ikabidi waufunge kwa kamba. Kamba ya katani."

Yeye mwenyewe alishangaa kamba ilikotokea. Shangazi Generoza, aliyekuwa bado ndani, alitoka kama aliyekalia siafu.

"Mbona hakuniambia mimi?" Mzee Kasian akauliza polepole.

"Alisema usije ukaogopa, baba."

Tumwagile akazima simu. "Poleni," alisema. "Gari ni zuri, sikatai. Lakini niambieni, bibi harusi gani atakaa hapo? Mkishalisafisha, mnipigie."

Kurudi Rudewa, Shangazi alijibana mbele kati ya dereva na kaka yake, akiomba kimoyomoyo kwa midomo iliyokuwa ikicheza. Zabron alipewa kiti chote cha nyuma peke yake. Alijinyoosha kama waziri. Aliangalia kisogo cha Yared, kimya, hakina plagi wala mzaha, na akahisi tumbo limejaa kama aliyekula pilau. Mpango, kama jambo lililotokea kwa sekunde moja laweza kuitwa mpango, ulikuwa umekamilika. Yared ataliogopa gari. Atarudi Morogoro akatengeneze pikipiki za watu. Baba ataangalia huku na huku amtafute asiyeogopa, na ataona kijana msomi, mtanashati na mcha Mungu.

"Kesho nitamwita mtani," Mzee Kasian akasema kutoka mbele, bila kugeuka.

Hapo ndipo kijana msomi alipoanza kuona alichokisahau. Shuleni, maiti ni hadithi ya kuwatishia kidato cha kwanza baada ya taa kuzimwa. Nyumbani, maiti ni kazi, na kazi hiyo ina wenyewe. Mzee wa kanisa au si mzee wa kanisa, kilichogusa kifo hakiingii mikononi mwa mrithi mpaka watani wa ukoo wakioshe, na mtani akija hasemi nusu, hatumwi, na wala hakatazwi. Anachokitaka anakichukua, anachokiamua kinafanyika.

Mtani wao alikuwa Bibi Hildegarda. Alifika kesho yake baada ya misa, mdogo na mkavu kama ganda la karanga, akisindikizwa na wajukuu wawili na harufu ya ugoro.

"Kasian," alisema kabla hajafika mlangoni, "kumbe bado unapumua? Mimi nimeshanunua khanga ya msiba wako, sasa nitaivaa wapi?"

"Vaa kwenye wako, bibi, hauko mbali," Mzee Kasian akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ukalegea.

"Wangu utapika wewe. Na usinipikie ule ugali wenu wa milimani, unaweza kumfufua mtu kwa ubaya." Akakaa kwenye kigoda kabla ya kukaribishwa.

"Shikamoo bibi," alisema Zabron.

"Marahaba. Ndiye huyu msemaji wa wafu?" Akamtazama tangu viatu mpaka nywele. "Haya, mwanangu, nionyeshe mgonjwa wetu."

Wakaenda bandani: Bibi, Mzee Kasian, Shangazi, Yared na majirani kadhaa waliokuwa wakipita kwa bahati tangu asubuhi. Bibi akafungua mlango wa nyuma. Akainusa ngozi, akaibonyeza.

"Kichwa kilikuwa upande gani?"

"Huu, bibi."

"Na miguu ikatoka huku. Na kamba ikapita wapi?"

"Hapa kwenye kitasa, ikaja hapa."

"Babu yako alikuwa msimuliaji," alisema Bibi. "Mambo yote hayo kwa mtoto mdogo." Akatema ugoro pembeni, akajifuta, akageukia wenye msiba. "Sikilizeni. Kitanda cha maiti hakioshwi, kinatupwa. Kiti hiki kikatwe, ngozi na sponji, kichomwe njia panda. Na vimeza hivi, ambavyo alivielekea. Na huyo ndege wa juu ya boneti, aliyekuwa anamwongoza. Kingine kitabaki."

"Kingine kipi, bibi?" Shangazi Generoza akauliza kwa sauti ndogo.

"Matairi."

Yared alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake nyuma. Alisogea mbele ya Mzee Kasian, akapiga goti kidogo.

"Mjomba, naomba nikurudishie gari. Mimi nikikaa nalo kila siku nitaona pale kiti kilipokatwa. Mpe Zabron. Wazee wakikubali, mama akikubali. Yeye analipenda kuliko mimi, hilo lipo wazi. Mimi nitakuja kulitengeneza likiharibika."

Mzee Kasian alimtazama dada yake. Shangazi akafuta macho, akaitikia kwa kichwa. Mzee Kasian akatoa kwenye mfuko wa koti ufunguo aliouchukua kwa Yared tangu jana.

"Haya," alisema. "Sijawahi kuona kwetu. Lakini haya. Zabron, shika."

Zabron akashika. Ufunguo ulikuwa na joto la mfuko wa baba. Alitaka kutangaza jambo na akakuta hana tangazo.

"Vizuri sana," alisema Bibi Hildegarda. "Sasa mwenyewe amepatikana, kazi iwe nyepesi." Mjukuu wake akampa panga, naye akaligeuza, akalielekeza mpini kwa Zabron. "Aliyekigusa chombo kuliko wengine ndiye anayekata. Nasikia uliliosha wewe. Anzia pale penye kichwa."

Panga lilikuwa limenolewa. Zabron akalishika mkono wa kulia, ufunguo mkono wa kushoto. Akainama ndani. Ngozi ilikuwa pale, nyekundu, na mpasuko wake wa siku zote, ambao Babu Nikolaus alikuwa akiupaka mafuta kwa kidole gumba akisema wazee nao hupasuka. Zabron akaweka ncha ya panga. Akaiondoa.

"Bibi," alisema. "Labda nilisikia vibaya. Labda hakulazwa. Labda alikuwa mgonjwa tu."

"Homa inayofunga mlango kwa kamba?"

"Labda kamba ilikuwa ya mizigo."

"Kata, mwanangu. Jua linapanda."

"Siwezi."

"Basi nipe mimi nikate." Bibi akanyoosha mkono, na Zabron akajikuta amekaa juu ya kiti chenyewe, miguu nje, panga mapajani, kama mtu anayekataa kushuka kituoni.

Bibi Hildegarda akaegemea mlango. Sauti yake ikashuka, mzaha ukatoka. "Yule mama wa Kigiriki nilimwona mwenyewe stesheni ya Kilosa siku wanaondoka. Nilikuwa msichana, nauza ndizi. Alinunua chane nzima, akanipunja, akapanda treni anagombana na wapagazi juu ya mabegi yake. Nimewaona wafu wengi, Zabron. Hakuna aliyenipunja ndizi."

Mzee Kasian alikuwa akimwangalia mwanawe, na Zabron angependa zaidi aangaliwe na fimbo.

"Ulijua tangu mwanzo, bibi," alisema.

"Nilijua tangu Kasian aliponipigia simu. Lakini uongo wa mtu mwingine siwezi kuutema mimi. Uteme mwenyewe."

Zabron akaweka panga chini, kwa uangalifu, mbali na ngozi. Akasimama, kwa sababu hata yeye alijua kuna mambo hayasemwi umekaa.

"Hakuna maiti," alisema. "Babu Nikolaus hakuniambia chochote kuhusu maiti. Aliniambia kiti hicho alikuwa anakaa mbwa wa Mgiriki, na mbwa alikuwa anakula biskuti kwenye hivyo vimeza. Nilimsingizia Babu, na yeye hawezi kujibu. Nilitaka mabibi harusi waogope, na kaka Yared aogope, ili aondoke. Baba, uliponishika bega pale Mikumi nilidhani ni zamu yangu. Kisha ukasema mwanangu, na ukawa unamwonyesha yeye. Niliona wivu. Nimeuona tangu alipokuja na spana zake. Hata alipolifanya gari liungurume, kitu nilichokuwa nakiomba tangu nikiwa juu ya ndoo, niliumia badala ya kufurahi."

Akapita mbele ya baba yake bila kuthubutu kumtazama, akasimama mbele ya Yared, akamnyooshea ufunguo.

"Ni lako," alisema. "Nilijua ni lako hata wakati nadanganya. Nitampigia yule mama wa Mikumi mimi mwenyewe, nimwambie jina langu na nilichofanya."